Polisi wa Milimani na Ndege Zao

Askari polisi anapopigwa risasi mjini, hospitali huwa haiko mbali. Gari huitwa, king'ora hulia, na baada ya muda mfupi mganga huwa amekwisha kumshika mkono. Lakini askari huyo huyo akipigwa risasi ukingoni mwa bonde lililo nyuma ya milima mitatu, mahali pasipo barabara wala simu, uhai wake huwekwa juu ya mizani ya mambo mawili: hali ya hewa ya siku hiyo, na aina ya ndege ambayo Serikali yake iliinunua miaka mingi kabla yeye hajajeruhiwa. La hali ya hewa ni la Mungu. La ndege ni letu sisi wananchi, kwa maana fedha iliyoinunua ilitoka katika jasho la mkulima na mfanyakazi. Kwa hiyo leo twataka kulizungumza jambo hili waziwazi.

Swali lenyewe ni hili: Je, polisi wa nchi yenye milima wanunue eropleni, yaani ndege ya mabawa inayohitaji kiwanja cha kukimbilia, au wanunue helikopta, ile yenye mapanga yanayozunguka juu yake, ambayo yaweza kusimama hewani na kutua mahali padogo kama ua wa nyumba? Wako wanaodhani kwamba hili ni swali la mafundi peke yao, na kwamba mwananchi wa kawaida hana haki ya kulitia mkono. Sisi hatukubaliani nao. Mwananchi hahitaji kujua kuendesha ndege ili aulize kama fedha yake imetumika vema, kama vile asivyohitaji kuwa mpishi ili ajue kwamba chakula kimeungua.

Tuanze na jambo lililotokea katika Afrika yetu ya Mashariki. Tarehe 10 Novemba, 1912 ingekuwa hadithi ya kale. Lakini hili lilitokea tarehe 10 Novemba, 2012. Siku hiyo kikosi cha polisi wa Kenya kilichokuwa kikifuatilia ng'ombe walioibwa kiliingia katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi, na humo kikavamiwa na wenye bunduki waliokuwa wakikingoja. Zaidi ya askari arobaini waliuawa. Ilichukua siku kadhaa kukusanya miili. Suguta ni bonde lenye joto kali, lililozungukwa na kuta za mawe na vilima vilivyokatikakatika, na mtu aliyejificha juu ya jabali huona njia yote huku yeye haonekani. Vijana wale walikwenda kwa miguu mahali ambapo adui alikuwa na kimo, na wao hawakuwa na kimo. Kila tunapoandika juu ya ndege za polisi, yafaa tuwakumbuke wale, ili tusije tukadhani kwamba tunazungumza juu ya vyuma tu.

Kazi ya kwanza ya ndege ya polisi milimani ni kuona. Kabla ya kumbeba mtu, kabla ya kushusha chakula, lazima kuwe na jicho lililo juu kuliko jabali. Na katika kuona, eropleni ndogo haina mpinzani wa bei yake. Eropleni huelea juu ya mabawa yake. Injini huisukuma mbele tu, na hewa inayopita juu na chini ya bawa ndiyo ibebayo uzito. Kwa hiyo hutumia mafuta kidogo, hukaa hewani saa nyingi, na yaweza kwenda mbali na kurudi bila kutafuta pipa la mafuta njiani. Mitambo yake si mingi, na fundi hodari aweza kuitunza katika banda la kawaida. Helikopta sivyo. Mapanga yake hubeba uzito wote kwa nguvu ya injini tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho. Gia zake, vyuma vya kichwa chake na mapanga yenyewe vina saa zilizohesabiwa, na saa hizo zikiisha hutupwa au hufumuliwa hata kama kwa macho vyaonekana vizima. Ndiyo maana saa moja ya helikopta hula fedha mara kadhaa kuliko saa moja ya eropleni ndogo.

Historia yathibitisha uwezo wa eropleni ndogo milimani. Mwezi wa Novemba, 1946 eropleni ya jeshi la Marekani ilianguka juu ya barafu ya Gauli, katika milima ya Uswisi, mahali palipo juu ya mita 3,000. Watu kumi na wawili waliokuwamo walikuwa hai. Waokoaji waliokwenda kwa miguu waliwafikia baada ya safari ngumu, lakini kuwashusha majeruhi kwa njia ile ile kungekuwa shida kubwa. Ndipo marubani wa Uswisi walipotumia eropleni mbili ndogo aina ya Storch, zilizofungwa mbao za kuteleza juu ya theluji, wakatua juu ya barafu na kuwachukua watu wote, safari baada ya safari. Mwaka 1960 eropleni aina ya Pilatus Porter ilitua juu ya mlima Dhaulagiri huko Nepal, kwenye kimo cha zaidi ya mita 5,700. Kwa hiyo asitokee mtu akatuambia kwamba bawa halijui mlima.

Hapa kwetu, Kikosi cha Anga cha Polisi wa Kenya kilianza mwishoni mwa miaka ya arobaini kwa eropleni ndogo. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia mwaka 1952, eropleni za Polisi wa Akiba ziliruka kila siku juu ya misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, zikiwadondoshea askari wa kikoloni vyakula na kuzionyesha ndege za mabomu mahali pa kulenga. Kazi ile ilikuwa kazi ya kuwawinda wapigania uhuru, na sisi hatuisifu. Lakini ndani yake limo somo ambalo kila mpenda haki aweza kulichukua. Ndege zote zile, ndogo na kubwa, pamoja na mabomu ya Lincoln yaliyomwagwa juu ya msitu hadi mwaka 1955, hazikumkamata Dedan Kimathi. Alikamatwa tarehe 21 Oktoba, 1956, karibu na Nyeri, na watu waliokuwa wakitembea kwa miguu. Msitu wa mianzi hufunika kilichomo. Ndege, iwe na bawa au panga, huona kile tu ambacho ardhi imekubali kukionyesha.

Basi eropleni ina upungufu gani? Upungufu wake wa kwanza wajulikana na kila mtoto: haiwezi kusimama. Rubani aweza kumwona askari aliyelala chini akitokwa na damu, aweza kumpungia mkono, aweza kumdondoshea maji na bendeji, lakini hawezi kumshika. Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Pasipo kiwanja, eropleni ni jicho lisilo na mkono.

Upungufu wa pili haujulikani sana, nao umewaua marubani wengi. Hewa ina uzito, na uzito huo hupungua kadiri tunavyopanda. Pwani, hewa inayojaza kasha la mita moja kila upande ina uzito wa kilo 1.2 hivi. Kwenye kimo cha mita 3,000 imebaki kilo 0.9, kwenye mita 5,000 imebaki kilo 0.74 hivi. Injini ya petroli isiyo na mtambo wa kuiongezea hewa hupoteza karibu theluthi ya nguvu zake kwenye mita 3,000. Bawa nalo, ili libebe uzito ule ule katika hewa nyepesi, hulazimika kwenda kwa kasi zaidi. Na chombo kinachokwenda kasi hugeuka kwa duara kubwa zaidi. Rubani anayepinda ndege yake kwenye mita 3,000 kwa namna ile ile aliyozoea pwani, huku saa yake ya mwendo ikimwonyesha tarakimu ile ile, atahitaji duara ambalo nusu ya upana wake imezidi kwa zaidi ya theluthi moja. Katika bonde jembamba, theluthi hiyo ndiyo tofauti kati ya kurudi nyumbani na kugonga jabali. Mtu huingia katika bonde akiwa na nafasi, bonde likamkaba, ardhi ikapanda upesi kuliko ndege yake iwezavyo kupanda, na anapotaka kugeuka nafasi haipo tena.

Twajua mifano yenye uchungu. Tarehe 19 Julai, 2003 eropleni ya abiria iligonga kilele cha Lenana cha Mlima Kenya na watu 14 wakafa. Tarehe 5 Juni, 2018 eropleni iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Nyandarua; wote kumi waliokuwamo walikufa, na mawingu yaliwazuia waliokuwa wakiitafuta kutoka angani hata mabaki yakaonekana siku ya tatu, tarehe 7. Hizi hazikuwa ndege za polisi, lakini mlima hausomi alama zilizoandikwa ubavuni mwa ndege.

Sasa tuje kwenye helikopta. Hapana shaka kwamba katika kazi ya kumwinua majeruhi, kumshusha askari ukingoni mwa genge, au kuwatoa wanakijiji waliozingirwa na mafuriko bondeni, helikopta haina mbadala. Ni mkono ambao eropleni haina. Yaweza kutua mahali ambapo hapana kiwanja. Na pasipofaa kutua, yaweza kusimama hewani na kumvuta mtu kwa kamba. Anayesema polisi wa milimani wasiwe na helikopta hata moja, huyo hajapata kumngoja mgonjwa akishushwa kwa machela siku nzima.

Lakini wako wengi wanaoitazama helikopta kama uchawi. Wanadhani kwamba kwa kuwa haihitaji kiwanja, basi haina masharti. La hasha! Helikopta ina masharti makali kuliko eropleni, na sharti la kwanza ni ile hewa nyepesi tuliyoitaja. Helikopta ikienda mbele, mapanga yake hupata hewa mpya na kazi huwa nyepesi. Ikisimama hewani, nguvu inayohitajika huwa kubwa zaidi. Ikisimama karibu na ardhi tambarare, upepo wa mapanga hugonga chini na kuwa kama mto wa kuilalia. Lakini juu ya mteremko mkali, au juu ya miti mirefu, mto huo haupo, na injini hubeba mzigo wote peke yake. Basi angalieni jambo la kusikitisha: mahali pale hasa ambapo twaihitaji helikopta isimame, yaani juu, kwenye ukingo, penye mteremko, ndipo mahali ambapo uwezo wake wa kusimama umepungua kuliko pote.

Joto nalo huongeza shida. Chukua uwanja ulio kwenye mita 2,000. Wahandisi huhesabu kwamba katika hali ya kawaida hapo pangekuwa na joto la digrii 2 tu. Lakini saa nane mchana, jua likiwaka, kipimo chaweza kuonyesha digrii 27. Tofauti hiyo ya digrii 25 huifanya hewa iwe nyepesi kana kwamba uwanja ule uko mita 2,900. Ndege iliyopanda asubuhi na askari sita ikiwa na nguvu za akiba, mchana yaweza kushindwa kupanda na askari wale wale sita. Injini haikuharibika. Rubani hakusahau kazi yake. Ni hewa iliyobadilika, na hewa haitoi risiti.

Mwaka 2005 rubani wa Kifaransa, Didier Delsalle, alitua kwa helikopta aina ya AS350 B3 juu ya kilele cha Everest, mita 8,848. Ilikuwa kazi ya ajabu, na wauzaji wa ndege hupenda kuitaja. Lakini mnunuzi mwenye busara ataulizia mambo ambayo muuzaji hayatangulizi: Alikuwa na abiria wangapi? Hakuwa na hata mmoja. Ndege ilikuwa imepunguzwa uzito, rubani alikuwa mjaribu ndege mkongwe, na siku ilichaguliwa. Polisi hachagui siku. Jambazi hangoji mawingu yaondoke, wala mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa juu ya mlima hawezi kuambiwa asubiri upepo utulie.

Mlima Kenya wenyewe umetufundisha mara mbili. Mwezi wa Septemba, 1970 mpandaji mmoja kutoka Austria alivunjika mguu karibu na kilele cha Batian, chenye urefu wa mita 5,199. Helikopta ilitumwa kusaidia. Ikaanguka, na rubani wake akafa. Majeruhi yule mwishowe alishushwa hai, baada ya zaidi ya juma moja, kwa kamba na kwa mikono ya watu waliopanda kwa miguu. Tena tarehe 12 Agosti, 2012 helikopta za kivita za Uganda zilizokuwa zikielekea Somalia zilipita upande wa mlima huo. Tatu zikaanguka mlimani siku moja, na wanajeshi saba wakapoteza maisha. Zilikuwa helikopta kubwa, zenye nguvu, za kivita. Nguvu peke yake haikutosha.

Na mwaka huo huo wa 2012, tarehe 10 Juni, helikopta ya polisi wa Kenya, ambayo haikuwa imetimiza hata mwaka mmoja kazini, ilianguka katika msitu wa Ngong dakika chache baada ya kuondoka Nairobi. Waziri wa Usalama wa Ndani, Profesa George Saitoti, Waziri Msaidizi wake Orwa Ojode, na wengine wanne wakafa, wakiwamo marubani wawili wa polisi. Tarehe 18 Aprili, 2024 Mkuu wa Majeshi ya Kenya, Jenerali Francis Ogolla, alikufa pamoja na wanajeshi wengine tisa helikopta yao ilipoanguka Elgeyo Marakwet mara baada ya kuruka. Hatuandiki haya ili kuhukumu chanzo cha ajali yo yote. Hiyo ni kazi ya wachunguzi. Twaandika ili kusema kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda, na kwamba upya wa chombo wala ukubwa wa cheo cha aliyemo si kinga mbele ya mlima.

Baada ya kuyapima haya yote, sisi twaona kwamba swali la "eropleni au helikopta" limeulizwa vibaya. Ni sawa na kumwuliza mkulima kama anataka jembe au panga. Jibu lake litakuwa: Nionyeshe shamba kwanza. Polisi wa Kolombia, wanaofanya kazi katika milima ya Andes, wana helikopta nyingi, na bado wanazo eropleni za kuchunguza na za kusafirisha. Huko Lesotho, nchi ambayo ardhi yake yote iko juu ya mita 1,000, polisi wanaitwa hadi leo Polisi wa Farasi, kwa sababu kuna njia za mlimani ambazo farasi huzijua kuliko mtu. Kila chombo na kazi yake.

Lakini twajua pia kwamba nchi zetu si tajiri, na kwamba kusema "nunueni vyote" ni kukwepa swali. Mwenye fedha kidogo lazima apange kipi kitangulie. Basi haya ndiyo maoni yetu.

La kwanza, yatangulie macho. Eropleni ndogo, imara, zenye uwezo wa kutua kwenye viwanja vifupi vya udongo, ziwe nyingi kiasi cha kutosha ili kila wilaya ya milimani ionwe mara kwa mara na si baada ya msiba tu. Siku hizi yako pia macho yasiyo na rubani, na vyombo vinavyoona joto la mwili wa mtu usiku. Hivyo navyo vitumike, maana jicho lisilo na mtu ndani likianguka halitengi mama na mwanawe. Lakini havipunguzi haja ya mtu anayeijua ardhi.

La pili, vijengwe viwanja. Fedha ya helikopta moja yaweza kufyeka, kusawazisha na kutunza viwanja vingi vya udongo. Kiwanja hakiruki kwa fahari siku ya sherehe, wala hakipigwi picha. Lakini kiwanja kikiwapo, hata eropleni ya mganga itatua, hata ya barua, hata ya kuleta mbegu. Kazi ya kukifyeka yaweza kufanywa na wananchi wenyewe kwa kujitolea, kama walivyojenga shule na zahanati. Kila kiwanja kipya hupunguza idadi ya mahali ambapo helikopta peke yake ndiyo iwezayo kufika.

La tatu, helikopta zinunuliwe chache, lakini ziwe za milimani kweli kweli. Anayenunua asisome kasi na rangi. Asome karatasi moja tu kwanza: Je, chombo hiki, kikiwa na marubani, machela, mganga na majeruhi, na mafuta ya kurudi, chaweza kusimama hewani mbali na ardhi kwenye mita 3,500 wakati wa joto la mchana? Kama muuzaji hawezi kujibu kwa maandishi, arudi na chombo chake. Helikopta ndogo iliyo nyepesi yenye nguvu za akiba ni bora kuliko kubwa iliyojaa viti vya ngozi.

La nne, marubani wafundishwe mlima, wala si kuruka tu. Wajue kwamba upande unaopigwa na upepo huinua ndege, na upande wa pili huikandamiza. Kwamba ukingo husogelewa kwa pembeni ili njia ya kugeuka ibaki wazi. Kwamba katika milima yetu asubuhi ni ya rubani na alasiri ni ya mawingu. Elimu hii haipatikani kwa cheti cha juma moja. Hupatikana kwa kuruka mara nyingi pamoja na aliyetangulia, na kwa hiyo huhitaji mafuta na mishahara inayomfanya rubani mzoefu asiondoke kwenda kutafuta riziki kwingine.

La tano, nalo ndilo zito kuliko yote, rubani awe na haki ya kusema hapana. Akisema uzito umezidi, watu washuke. Akisema mawingu yamefunga njia, safari ivunjwe. Awe ni konstebo au waziri anayengojewa, neno la rubani liwe la mwisho, na asipate adhabu kwa ajili yake. Tena helikopta ya polisi isigeuzwe gari la wakubwa. Saa moja ya kumpeleka mkubwa mkutanoni ni saa moja iliyochomolewa katika maisha ya mapanga yale, na siku askari atakapolia kwa redio kutoka bondeni, asije akajibiwa kwamba ndege imo katika karakana ikisubiri vipuri. Kila mwaka wananchi waonyeshwe hesabu: ndege iliruka saa ngapi, ngapi zilikuwa za kuokoa na kulinda, na ngapi zilikuwa za kubeba wakubwa. Hesabu hiyo haifichui siri yo yote ya ulinzi. Inafichua tabia tu.

La sita, tusiisahau ardhi. Redio ya kijiji, kituo cha polisi chenye farasi au punda, kijana anayejua kila pango la mlima wake, na zaidi ya yote wananchi wanaowaamini polisi wao kiasi cha kuwaambia walichokiona: hivi vyote ni sehemu ya kikosi cha anga. Ndege huongozwa na habari, na habari hutoka chini. Polisi anayechukiwa kijijini hataona kitu hata akipewa ndege mia.

Watakuwapo watakaosema kwamba tunawapunguzia polisi silaha. Sivyo. Tunataka wapate zaidi, lakini wapate kile kinachofika. Wengine watasema kwamba tunahesabu fedha mbele ya uhai wa watu. Hao twawajibu kwamba anayepoteza fedha kwa chombo kisichofaa ndiye anayeuza uhai wa watu, maana fedha ile haitarudi tena siku ya haja.

Ndugu zetu wafanyakazi, wako askari waliolala usiku wa leo chini ya majabali, katika baridi, ili ng'ombe wa mtu wasiibwe na shule ya mtoto isichomwe. Wao ni wafanyakazi kama sisi, na wana wake na watoto kama sisi. Hawakuomba makubwa. Wanaomba kwamba mmoja wao akianguka, pawe na jicho litakalomwona, na pawe na mkono utakaomfikia kabla jua halijazama. Jicho hilo ni eropleni. Mkono huo ni helikopta. Na akili ya kuviongoza vyote viwili lazima itoke kwetu sisi tunaolipa, tunaochagua, na tunaouliza. Tuulize sasa, kabla bonde jingine halijatuuliza sisi.